Mtoto Anataka Kusomea Usimamizi wa Michezo Nje ya Jimbo: Hesabu Tulizopiga Mezani

Binti yangu hachezi mchezo wowote. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemwambia kuwa kifungua mimba wangu anakwenda kusomea michezo aliniuliza anacheza namba ngapi. Hana namba. Alipokuwa na miaka 17 alipata kazi ya wikiendi kwenye kibanda cha vyakula uwanjani, hapa hapa Arlington, Texas, tunakoishi. Akawa anarudi usiku na maswali ya ajabu: kwa nini tiketi ya Jumanne ni nusu ya bei ya Jumamosi, nani aliamua lile geti lifungwe, nani analipwa kupanga foleni. Mimi navaa viatu niende shifti ya usiku, yeye ananieleza mapato ya maegesho ya magari. Nikajua nimezaa mfanyabiashara, mpira ni kisingizio tu.

Texas ina vyuo vizuri vya fani hii: UT Austin, Texas A&M, University of Houston, Texas Tech. Kwa nini basi tuvuke mpaka? Sheria ya jimbo humpa nafasi ya moja kwa moja kwenye vyuo vya umma mwanafunzi aliye ndani ya asilimia 10 ya juu ya darasa lake, na UT Austin hubana zaidi ya hapo. Binti yangu alikuwa asilimia 14. Zaidi ya hayo alitaka kuondoka nyumbani, nami sikuona haja ya kumzuia mradi hesabu ikubali. Ninayoyaandika hapa ni ya mama aliyekaa na kalamu na kikokotoo, mwenye mume dereva wa lori na watoto wengine wawili nyuma ya huyu.

Kwanza jua mfuko wako

Kabla ya kutazama chuo chochote tuliandika namba moja na kuibandika kwenye friji. Sisi wazazi tunaweza kutoa dola 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka, bila kugusa kodi ya nyumba. Mtoto anaweza kuweka akiba ya 3,000 kwa kazi za likizo. Serikali ya shirikisho humkopesha mwanafunzi anayetegemea wazazi hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 kila mwaka kwa miwili ya mwisho. Jumla ya miaka minne ni 27,000. Kwa hiyo mwaka wa kwanza dari letu lilikuwa 20,500.

Kuna mkopo mwingine wa serikali unaochukuliwa na mzazi mwenyewe, unaitwa Parent PLUS. Vyuo vingine huuweka kwenye barua ya ofa kana kwamba ni msaada, chini kabisa, halafu wanaandika kuwa umebakiza sifuri. Sifuri hiyo ni deni lako wewe. Mimi niliuchorea mstari mwekundu kila barua ilipofika. Fani hii huanza na mshahara mdogo. Wengi huingilia mlango wa mauzo ya tiketi, simu sikioni siku nzima. Sitaki mtoto aanze hapo na mzigo shingoni, na mimi nikiwa na mwingine.

Baada ya dari, tafuta mizani. Mizani ni gharama halisi ya chuo cha umma cha jimbo lako mwenyewe chenye fani hiyo hiyo. Kila chuo kinachopokea fedha za shirikisho kinatakiwa kiwe na kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti yake. Unajaza kipato, ukubwa wa familia, wakati mwingine na alama za mtoto, nacho kinakupa makisio. Tulikijaza kwa Houston na Texas Tech kwanza. Tulipopata namba hizo ndipo tukawa na haki ya kusema chuo cha jimbo jingine ni rahisi au ni ghali. Bila mizani, kila punguzo linaonekana kubwa.

Anuani yako ndiyo inayopanga bei

Hapa ndipo wazazi wengi wanapotea. Wanadhani chuo cha umma kina bei mbili, ya mkazi na ya mgeni, basi. Kumbe kati ya hizo kuna bei nyingine, na unayopewa inategemea unatoka wapi. Nina majirani wawili kanisani, mmoja ana dada Minnesota na mwingine ana kaka karibu na Seattle; dada huyo na kaka huyo wanaweza kutazama chuo kile kile na kuona ada tofauti kabisa.

Ukiwa majimbo ya magharibi, kuna mpango wa WUE (Western Undergraduate Exchange): vyuo vya umma vilivyomo hutoza si zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkazi. Katikati ya nchi kuna mpango wa MSEP (Midwest Student Exchange Program) wenye kanuni ya aina hiyo, ukiwa na majimbo kama Kansas, Missouri na Nebraska. Kaskazini mashariki, New England wana mpango wao unaotegemea fani ambayo vyuo vya umma vya jimbo lako havina. Minnesota ina makubaliano na Wisconsin, North Dakota na South Dakota. Kusini kuna Academic Common Market, ambayo ndiyo tamu kuliko zote: ukitaka fani isiyofundishwa kwenye vyuo vya umma vya jimbo lako, unalipa ada ya mkazi kule. Lakini fani yenyewe iwe kwenye orodha, na ofisi ya jimbo lako ithibitishe makazi yako.

Niliposoma hiyo ya kusini nilipiga makofi peke yangu jikoni. Nikaita familia. Kisha nikasoma mistari ya chini: Texas na Florida zimo kwa shahada za uzamili tu. Mtoto wa shahada ya kwanza kutoka Texas hana kitu. Wakazi wa New York, New Jersey na Pennsylvania nao hawamo kwenye mpango wowote kati ya hii. Kwa hiyo, kabla ya kushangilia, soma mpaka mwisho.

Mipango ya majimbo ikishindikana, geukia chuo kimoja kimoja, hasa vilivyo karibu na mpaka wako. Vyuo vinavyotaka wanafunzi huwa na punguzo lao kwa majirani. Sisi tulipata viwili vya kutazama kwa makini. University of Arkansas, pale Fayetteville, ina tuzo kwa wanafunzi wa majimbo jirani, Texas ikiwemo, ambayo kulingana na alama hufuta asilimia 70 hadi 90 ya tofauti kati ya ada ya mkazi na ya mgeni. Wichita State, Kansas, ina ada iliyopunguzwa kwa eneo la Dallas na Fort Worth. Vyote viwili vinafundisha usimamizi wa michezo, na vyote ni mwendo wa saa 5 au 6 kwa gari kutoka kwetu. Hilo la gari si dogo. Tiketi nne za ndege kwa mwaka ni pesa ambayo hakuna kikokotoo kitakukumbusha.

Wengine wamefuta kabisa tofauti ya mkazi na mgeni kwa Wamarekani. Eastern Michigan na Central Michigan ni mifano, na vyote vina fani hii. Na usisahau vyuo binafsi: huko hakuna mwenyeji wala mgeni, bei iliyoandikwa ni ya kutisha, lakini hukatwa sana. Tulijaza kikokotoo cha vitatu. Hakuna kilichoshuka kufika kwenye dari letu, ila kwa familia yenye kipato cha chini kuliko chetu ningesema jaza tu.

Kuna ushauri unaozunguka kwenye sherehe zetu: mpeleke mtoto, baada ya mwaka atakuwa mkazi, ada itashuka. Kwa majimbo mengi huo ni uongo mtamu. Kuishi kule kwa ajili ya masomo hakuhesabiki, hasa kama bado unamtegemea mzazi aliye kwingine. Missouri inajulikana kwa kulegeza: mwanafunzi akikaa miezi 12 mle jimboni na kupata kipato cha angalau dola 2,000 chenye kutozwa kodi, anaweza kuomba ukazi. Lakini hiyo maana yake likizo ya kiangazi habanduki kule, na anayetumia punguzo la mgeni asome kwanza masharti yake. Usipange bajeti juu ya jambo ambalo bado ni ombi.

Barua za ofa

Barua ya kwanza ilifika Desemba. Binti akaja mbio hadi chumbani, mimi nimelala baada ya shifti.

"Mama, wametupa elfu 18!"

"Kutoka elfu ngapi?"

Akanyamaza. Akarudi kusoma. Gharama yote ya mwaka ilikuwa 52,000. Elfu 18 zikitoka, zinabaki 34,000. Barua ya pili ilikuja na ufadhili wa 6,000 tu, yeye hata hakuifungua vizuri, lakini gharama yote ilikuwa 33,500, kwa hiyo zinabaki 27,500. Ya tatu ilikuwa na punguzo la jirani tayari ndani ya ada: gharama 29,500, ufadhili 7,500, baki 22,000. Ile yenye ufadhili mkubwa ndiyo ilikuwa ghali kuliko zote. Ikabidi tuchore meza ya safu nne kwenye karatasi: gharama yote, zawadi ambayo hairudishwi, mkopo, baki. Mkopo hauingii safu ya zawadi hata wauite jina gani.

Angalia pia kama zawadi ni kiasi maalumu au ni asilimia. Dola 7,500 za mwaka huu zitakuwa 7,500 mwaka wa nne, huku ada ikipanda. Lakini tuzo inayofuta asilimia fulani ya tofauti ya ada hupanda pamoja na ada. Halafu kuna GPA, yaani wastani wa alama ambao mara nyingi kilele chake ni 4.0, ambao mtoto lazima aufikie ili zawadi isikatwe. Kuna chuo kilidai 3.5 kila mwaka. Nikamwambia mwanangu hiyo ni zawadi yenye kamba mguuni. Na punguzo la ada linagusa ada ya masomo tu. Chumba, chakula na michango mingine unalipa kama mtu yeyote.

Fildi: pale nilipokaribia kuliwa

Sasa sehemu ambayo hakuna aliyenieleza, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Usimamizi wa michezo ni fani ya mafunzo kazini. Sisi tulizoea kuiita fildi. Programu nyingi humtaka mwanafunzi afanye fildi kubwa karibu na mwisho, mara nyingi muhula mzima, na huhesabiwa kama krediti, vile vipimo vya masomo ambavyo mwanafunzi hukusanya hadi ahitimu, kwa mfano 12. Krediti zinalipiwa. Yaani mtoto anaweza kuwa ofisini kwa timu fulani hapa hapa Dallas, analala kwangu, hagusi darasa la chuo, na bado tunalipia krediti 12 kwa ada ya mgeni. Na timu yenyewe huenda isimlipe, au ikamlipa kidogo.

Kulikuwa na chuo kimoja tulichokipenda sana, sitakitaja. Tulikitembelea, watu wakarimu, uwanja mzuri, hata fulana tulinunua. Ufadhili wao ulikuwa wa mihula minane ya kawaida. Nikiwa kwenye mapumziko ya shifti nikasoma mpangilio wa masomo, mwaka hadi mwaka, nikaona fildi imewekwa kiangazi cha mwisho. Kiangazi si kati ya ile mihula minane. Nikapiga simu asubuhi. Yule dada wa ofisi ya misaada ya fedha alikuwa mpole, akathibitisha: ufadhili haugusi kiangazi, na ada ya kiangazi kwa mgeni ni kamili. Ilikuwa zaidi ya dola 9,000 ambazo hazikuwa kwenye barua yoyote. Fulana bado ipo, anaivaa mdogo wake.

Kwa hiyo uliza maswali haya, kwa idara ya fani na kwa ofisi ya fedha, maana moja haijui ya mwenzake: Fildi ni krediti ngapi? Inafanyika muhula gani? Inatozwa ada ipi, ya mgeni, ya mkazi, au ile ya masomo ya mtandaoni ambayo mara nyingine ni nafuu? Punguzo letu linaigusa? Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya fildi ya kulipwa? Majibu yaje kwa baruapepe. Simu haina kumbukumbu.

Ukishapata majibu, piga hesabu ya miaka minne, usipige ya mwaka mmoja mara nne. Mwaka wa mwisho una sura yake.

Mji na timu zake

Watu watakuambia umpeleke mtoto New York kwa sababu NFL, NBA, MLB na NHL, yaani ligi kubwa za futiboli ya Kimarekani, kikapu, besiboli na magongo ya barafuni, zina makao makuu huko. Ni kweli zipo. Kodi ya nyumba pia ipo. Indianapolis ina makao makuu ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, na maisha yake ni nafuu zaidi. Colorado Springs ina kamati ya Olimpiki ya Marekani. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili hahitaji makao makuu. Anahitaji mahali ambapo wanakosa mtu wa kusimama kwenye dirisha la tiketi Alhamisi jioni.

Mahali hapo mara nyingi ni timu ndogo ya besiboli. Zipo timu 120 za ligi ndogo zilizofungamana na timu kubwa, na nyingi ziko miji ambayo sisi hatuijui. Wichita kuna Wind Surge. Springdale, jirani kabisa na Fayetteville, kuna Northwest Arkansas Naturals. Binti alinichekesha alipogundua zote mbili ziko ligi moja na Frisco RoughRiders wa hapa kwetu. Ligi yenyewe inaitwa Texas League. Tukaenda Frisco jioni moja, si kutazama mchezo. Alihesabu wafanyakazi vijana: wauza vijitabu vya mechi, waendesha michezo ya watoto kati ya vipindi, wa duka la jezi, wa kuvaa kinyago. Mimi nilikula.

Idara ya michezo ya chuo chenyewe nayo ni mwajiri. Hapa kuna tofauti inayofaa kupimwa. Arkansas ina futiboli ya Kimarekani, na Jumamosi ya mechi kubwa uwanja unataka mamia ya mikono. Wichita State iliacha futiboli mwaka 1986. Wana mpira wa kikapu na besiboli zenye wapenzi wengi, lakini hiyo pilikapilika ya Jumamosi za vuli haipo. Kwa upande mwingine, Wichita ni mji mkubwa kuliko Fayetteville, una pia timu ya magongo ya barafuni, na mwanafunzi hagombanii nafasi na umati wa aina ile. Usichague moja kwa kusoma tu. Mwambie mtoto aandike baruapepe kwa ofisi ya tiketi ya chuo, aulize kama wanaajiri wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kasi ya jibu itawaambia jambo.

Kuhusu sifa za programu, orodha za vyuo bora sikuzijali sana. Ohio University ina heshima ya kuanzisha shahada ya uzamili ya fani hii mwaka 1966, UMass Amherst ina jina kubwa, na majina hayo yanafungua milango. Kama anuani yako inakupa bei nzuri huko, nenda. Kuna chombo cha ithibati kinaitwa COSMA, lakini programu nyingi nzuri hazikuomba ithibati yake, kwa hiyo kukosekana kwake si doa. Nilichojali ni swali moja kwa mkuu wa programu: wahitimu wenu wa mwaka jana wako wapi, na wanafanya nini hasa? Mmoja alitaja timu na vyeo bila kufungua karatasi. Mwingine aliniambia wahitimu wao "wanafanya mambo makubwa." Nikaaga.

Angalia pia fani imekaa kitivo gani. Ikiwa ndani ya shule ya biashara, mtoto atasoma uhasibu na masoko ya kweli, ila shule za biashara nyingine huongeza tozo kwa kila krediti. Ikiwa na elimu ya viungo, tozo huenda isiwepo, lakini hakikisha anaweza kuongeza biashara kama fani ndogo. Kwa binti yangu hilo lilikuwa sharti.

Makaratasi

FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali ya shirikisho, kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba na hutumia kipato cha miaka miwili nyuma. Ni ya raia, wenye ukaazi wa kudumu na baadhi ya wageni wengine kama wakimbizi. Mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii haimzuii mtoto aliye raia kuijaza. Ijaze hata kama unadhani kipato chako ni kikubwa, kwa sababu ule mkopo wa 5,500 unapitia hapo. Tarehe za ufadhili wa vyuo hutangulia tarehe za mwisho za kuomba nafasi, wakati mwingine ni Novemba. Atakayechelewa hupata nafasi bila punguzo.

Kama mtoto amesoma masomo ya chuo akiwa sekondari, kagua kila moja. Texas ina masomo ya msingi, krediti 42, ambayo vyuo vya umma vya hapa lazima vipokee. Lazima hiyo inaishia mpakani. Binti alikuwa na krediti 18 kutoka chuo cha kaunti. Chuo kimoja kilipokea zote, kingine 12 tu, na krediti sita ni karibu nusu ya muhula.

Tulibaki na ile ofa ya 22,000 dhidi ya dari la 20,500. Elfu moja na mia tano. Nilimwandikia mkuu wa programu, si ofisi ya fedha, nikaeleza kazi ya binti uwanjani, nikaambatanisha barua ya msimamizi wake, nikauliza kama idara ina ufadhili wake. Wiki tatu kimya. Kisha ikaja 1,500 kamili, inayoweza kurudiwa akidumisha 3.0. Jina la chuo hicho nalibania kwa makusudi, maana kwa anuani yako huenda hakitafaa.

Tulilipa amana tarehe 27 Aprili, siku nne kabla ya tarehe 1 Mei, siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi. Jioni ile ile alituma maombi ya kazi dirisha la tiketi.